Fundi Aliyekata Mabampa Yake

Alikuwa haanzi bampa mpaka aliote. Ukimpelekea landrova yako akaizunguka mara tatu, akaigonga boneti kwa ngumi, kisha akakuambia uende zako urudi baada ya wiki, ujue hajaona kitu bado. Na ukirudi baada ya wiki ukamkuta amekaa juu ya tairi bovu anatafuna muwa, usimwulize. Mimi niliwahi kumwuliza, kwa sababu Mungu hakunijalia subira, nikajibiwa, "Mama Neema, halijaja. Au unataka nikupe la mtu mwingine?"

Sasa mtu unajibu nini hapo? Nilikaa na mimi kwenye tairi, akanikatia kipande cha muwa.

Karakana yake ilikuwa Nanyala, hatua chache kutoka barabara kuu, mahali malori yaendayo Tunduma yanapobadilisha gia na kuguna. Miezi ya baridi ukungu unashuka pale mpaka huoni mkono wako. Mara nyingi nilipita asubuhi nikitoka Mlowo, sioni nyumba, sioni mtu, naona tu mwanga wa buluu unawaka na kuzimika ndani ya weupe ule, unawaka na kuzimika, basi najua Fundi yuko kazini. Mpaka leo nikiwa na homa huo mwanga ndio ninaouona nikifumba macho.

Mafundi wa kuchomelea wako wengi kuanzia Vwawa mpaka mpakani, na kila mmoja ana jina lake. Huyu tulimwita Fundi tu. Ukisema "nimetoka kwa Fundi," mtu anajua, na kama gari lako ni landrova ya zamani, zile zenye pua fupi na milango isiyofunga mpaka uipige teke, anainama kabisa kuangalia mbele.

Chuma chake kilikuwa cha chesisi za malori yaliyokufa. Alikinunua kikiwa kimekatwa, akakilaza nje nyuma ya karakana masika nzima, kinyeshewe, kipate kutu, kichomwe na jua. Wateja walilalamika kwamba wanataka kipya. "Kipya bado kinajidai," alisema. "Hiki kimeshatukanwa." Kisha alikipiga nyundo mahali mbalimbali na kuinamisha kichwa kusikiliza, na kingine alikisukuma pembeni bila kukuambia kosa lake. Hakutumia futi. Alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo, na kila fundo lilikuwa na maana aliyoijua yeye. Fundi mmoja aliyetoka shule za ufundi alimpimia bampa lililokwisha kwa futi yake ya chuma, akitafuta kosa. Alipima kushoto, akapima kulia, akapima tena kushoto, akakunja futi yake akaomba maji ya kunywa.

Lakini kamba ilikuja baadaye. Kwanza lilikuja swali. Kabla hajakubali gari lako alikusimamisha mbele yake, mgongo kwenye radieta, akakuuliza: "Unakwenda kukutana na nini?"

Hakuwa anatania. Mfugaji wa huko bondeni Momba alijibu ng'ombe, akatengenezewa bampa pana lenye bomba lililopinda juu, ili ng'ombe asukumwe na asiingie chini ya magurudumu. Mkulima wa Iyula alijibu matope, lake likawa na masikio mawili mazito ya kufungia mnyororo. Alikuja Mzambia mmoja, mtu mnene mcheshi, na salamu zake nyingi za Kibemba, "mwapoleni mukwai", anataka bampa la kubeba taa nane. Akaulizwa anakwenda kukutana na nini. Akacheka, akasema hakutani na kitu, anataka lipendeze tu pale kwao Nakonde. Fundi akanigeukia mimi, kama vile yule bwana hasikii Kiswahili. "Mwambie akanunue kioo."

Na huyo huyo Fundi, aliyemfukuza mtu kwa kutaka kupendeza, alikuwa na tabia ya kuchora ua. Nyuma ya kila bampa, upande unaotazama radieta, mahali pasipofika jicho la mtu, alichomelea ua dogo la kahawa lenye petali tano. Nililigundua kwa kidole siku moja nikiosha gari. Nilipomwuliza alikasirika kweli kweli. Alisema ni mahali alipokuwa anajaribia moto wa mashine.

Hakujua kuendesha gari. Loo, nilicheka siku niliyojua! Mtu ameshika landrova zote za mkoa huu mbele na nyuma, na hajawahi kukanyaga klachi. Kanisani aliimba besi nzito mpaka benchi linatetemeka, lakini mkewe akimwita kwa sauti ya kawaida tu anaruka. Alilala kila mchana, umeme uwepo usiwepo, kwenye ubao mwembamba kati ya vyuma vyake, na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Tulijua kule usingizini ndiko mabampa yetu yalikokuwa yanatengenezwa. Nimewahi kusimama pale na wanaume wazima watatu, wote tumenyamaza, tunamwangalia mzee anavyokoroma, kila mmoja anaomba moyoni liwe lake.

La kwangu mimi lilikuja baada ya siku mbili tu.

Nieleze. Mume wangu alipofariki aliniachia Neema na landrova. Shamba la Iyula shemeji zangu walilichukua kabla matanga hayajaanuliwa, na landrova waliitaka. Mimi hiyo ndiyo iliyokuwa inanilisha, nashuka nayo Kamsamba kununua mpunga, napandisha nayo Tunduma kuuza. Nikaipeleka kwa Fundi, nikasimama mbele yake, mgongo kwenye radieta. Akaniuliza nakwenda kukutana na nini. Nilitaka kusema visiki. Kilichotoka kinywani ni "Watu," na baada ya hapo nililia mbele ya mzee yule mpaka kamasi.

Hakunibembeleza. Alitazama pembeni mpaka nikamaliza, akasema, "Nimesikia." Siku mbili baadaye aliagiza nifuate gari. "La kwako limekuja na makelele," aliniambia. "Halikuniacha nilale."

Jamani, lile bampa! Chaneli mbili za chesisi ya lori, moja ndani ya nyingine, limefungwa moja kwa moja kwenye chesisi kwa vipande vya chuma vinene kuliko kiganja changu. Walilinyanyua wanaume wanne. Shemeji zangu walipokuja na maneno yao, niliwasha gari nikawasogelea taratibu, gia ya kwanza. Walipisha. Hawakurudi tena. Kuanzia siku hiyo, malori yalinipisha, wanaume walinipisha, na ng'ombe wa Momba nao sikuwalazimisha waniheshimu, waliniheshimu wenyewe. Nilikuwa mjane wa miaka thelathini na mbili na sikuogopa mtu. Msomaji, ukitaka kuelewa ubishi wangu wa baadaye, uanzie hapo.

Kitu kingine Fundi alichokidharau ni magari madogo yale yanayopita kwenda Zambia na nchi za mbele, mapya, yanang'aa, yanaendeshwa msururu mpaka mpakani. Yana mabampa ya plastiki. "Hilo si bampa," alikuwa akisema likipita. "Hilo ni beseni." Yakipata ajali yakavutwa na kuegeshwa karibu na kwake, alikwenda kuyachungulia kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Pua yote imekunjamana mpaka kwenye kioo. "Angalia," alituambia. "Karatasi."

Kisha likaja jambo la Galula.

Alimtengenezea bampa dereva mmoja wa Galula aliyekuwa anabeba wachimbaji wadogo wa dhahabu na mizigo yao. Alipoulizwa anakwenda kukutana na nini, yule dereva alijibu, "Chochote," na Fundi alilipenda jibu hilo, akamtengenezea bampa zito kama langu. Ilipita kama miaka miwili. Siku moja nimekaa karakana, anashuka mtu kwenye pikipiki, mdogo wake yule dereva. Amebeba jogoo mkubwa mweupe amefungwa miguu. Akampa Fundi jogoo kwa mikono miwili, akapiga magoti.

"Fundi, tumekuja kukushukuru," akasema. "Gari liliacha njia likagonga ukingo wa kalavati, ukingo umevunjika. Bampa lako halina hata mkwaruzo! Kijiji kizima kimekuja kuliangalia. Chesisi haijapinda, radieta haivuji. Tumelifungua, tunataka ulifunge kwenye gari langu mimi."

Fundi alitabasamu. Nakumbuka vizuri, alimpapasa jogoo shingoni. "Na kaka yako?"

"Kaka tulimzika Jumamosi. Usukani ulimwingia kifuani." Akaongeza haraka, kama anayeogopa ametuharibia furaha, "Lakini gari ni zima kabisa, mzee wangu."

Hakuna aliyeona ubaya wa maneno yale. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaanza kusema "duh, bampa hilo." Sisi huku gari ni kama ukoo, likinusurika tunashukuru, na mtu tunamlia kwa wakati wake. Fundi peke yake alibaki ameshika jogoo mpaka jogoo akaanza kuhangaika mikononi mwake.

Baadaye, yule kijana alipoondoka, Fundi aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayefanya hesabu. "Ule mshindo ulikwenda wapi, Mama Neema?"

"Mshindo upi?"

"Wa kalavati. Bampa halikuupokea. Chesisi haikuupokea. Radieta haikuupokea. Ulikwenda wapi?"

Nilijikuta nimeshika kifua changu. Jibu tulikuwa nalo wote wawili.

Mkewe aliniambia kwamba tangu siku ile mumewe alianza kuota ndoto moja tu. Anaona barabara nyeupe, hakuna gari, hakuna mtu, na katikati yake bampa limesimama lenyewe, safi, halina mkwaruzo. Anatembea kulielekea na halifikii. Jogoo hawakumchinja. Alizeeka pale pale, akilalia vyuma.

Miezi ile Fundi hakupokea kazi. Alikuwa anashinda kwenye yale magari madogo yaliyopondeka, amelala chini yake, anapapasa mikunjo. Alinivuta siku moja nikaone. Kumbe nyuma ya beseni kuna sanduku la bati, limekunjika kama kitambaa cha kichwani, na nyuma ya sanduku kila kitu kimenyooka. "Dereva wa hili alishuka akaomba maji," aliniambia. Alilirudia hilo mara mbili, alishuka akaomba maji. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Ndipo akaanza safari zake za msumeno. Alikuwa na kumbukumbu ya kila bampa alilotengeneza, alikumbuka na ndoto yake. Akawafuata wenyewe mmoja mmoja, kwa basi, kwa pikipiki, kwa miguu, akiwaomba wamruhusu akate vile vipande vinene vya nyuma, aweke masanduku ya bati yatakayopondeka. Bure, hataki kitu. Watu walimcheka mpaka wakaishiwa pumzi. Fundi gani anatembea kudhoofisha kazi yake? Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni uzee. Mkulima wa Iyula alimfungulia mbwa. Yeye alirudi kwa huyo huyo wiki iliyofuata, na iliyofuata, mpaka yule bwana akachoka akamwachia akate.

"Nataka lipondeke," aliwaeleza. "Lipondeke, halafu uje unitukane kwa mdomo wako mwenyewe."

Kwangu alikuja Tunduma, nilikokuwa nimehamia, mara nne. Mara ya kwanza nilimpa chai, nikamcheka. Mara ya pili nilimpa chai. Mara ya tatu nilimwambia, "Baba, hili bampa ndilo lililonifanya niheshimike mji huu. Ulinitengenezea wewe. Sasa unataka urudi unidhoofishe?" Akasema, "Sikudhoofishi wewe, mama." Nikamwambia thubutu kuligusa. Mara ya nne nilimwona kutoka dirishani anavuka kwa taabu kati ya malori, kamfuko kake ka msumeno kifuani, nikamwambia jirani aseme nimesafiri. Nilisimama nyuma ya pazia nikamwangalia anaweka kiganja juu ya bampa langu, kwa muda mrefu, kisha anaondoka. Naona aibu kuandika haya. Lakini ndivyo nilivyofanya.

Ikapita miaka. Nikasikia amewamaliza wote, nimebaki mimi.

Kilichonipeleka Nanyala si hekima, ni Neema. Alikuwa amemaliza chuo, anataka kuchukua safari za Kamsamba ili mimi nipumzike magoti. Nikamfundisha mwenyewe. Asubuhi moja anatoa gari uani, mimi nimesimama mbele namwelekeza, kulia, kulia, nyoosha. Neema ni mfupi. Ili afikie pedali amesogea mbele kabisa, na nikaona mwanangu kifua chake kiko sentimita chache kutoka kwenye usukani, ananicheka, "Mama mbona unanitolea macho?" Na mimi niko mgongo kwa jua, nimesimama pale pale mtu anaposimama akiulizwa lile swali.

Nilimwambia zima gari, shuka. Sikubadilisha hata kitenge. Niliendesha mpaka Nanyala, kila lori likinijia mbele naona kalavati.

Nilimkuta amekaa mlangoni, amefunikwa blanketi. Alikuwa amepungua mno. Mikono ilikuwa inamtetemeka, hawezi tena kushika mashine. Nilianza kuomba msamaha, akanipungia mkono ninyamaze, akamwita mkewe alete msumeno.

"Kata mwenyewe," akaniambia.

Nilikata. Mwanamke mzima, nimelala chali kwenye vumbi la chuma, nakata kipande kinene kuliko kiganja changu, jasho na machozi yananiingia masikioni, na mzee amechuchumaa pembeni ananielekeza, vuta pole, usiukandamize, uache ule wenyewe. Ilichukua mpaka alasiri. Kipande cha pili kilipoachia, bampa lilianguka chini kwa mshindo, majirani wakatoka nje. Masanduku ya bati alikuwa ameshayatengeneza. Yalikuwa juu ya rafu, yameandikwa kwa chaki, MAMA NEEMA. Yalikuwa na vumbi la miaka. Alimwita fundi wa jirani aje ayachomelee na kulifunga bampa upya, yeye akiwa amemshika mkono kwenye kiwiko, anamwongoza.

Nikadhani tumemaliza. Fundi akanionyesha kichuguu kikubwa nyuma ya karakana, kile chekundu kigumu kisichoingia jembe. "Kigonge."

"Baba, umechanganyikiwa?"

"Gia ya pili. Usikanyage breki."

Mkewe akaleta mito miwili kutoka kitandani, wakaiweka kati yangu na usukani, Fundi akanifunga kwenye kiti kwa mkanda wa kufungia magunia, akaukaza mwenyewe kwa ile mikono yake. Watu wamejaa, wanapiga mayowe. Niliogopa, nisiseme uongo. Nikaingiza gia ya pili, nikafumba macho.

Mlio ulikuwa laini kuliko nilivyotegemea, mguno mrefu. Mito ikanikumbatia. Nilipofumbua macho vumbi jekundu lilikuwa limejaa kila mahali na jua linapita ndani yake, sikuona mtu, kwa muda sikujua kama niko duniani. Kisha nikauona uso wa Fundi dirishani. Mbele, bampa lilikuwa limerudi nyuma na kukaa upande, masanduku yamekunjika yote mawili.

"Kifua?" akauliza.

"Kizima."

"Hakiumi?"

"Hakiumi, baba."

Aliangalia bati lile lililokunjamana. Alilipapasa mkunjo kwa mkunjo. Halafu akainua kichwa, akalitaja jina la yule dereva wa Galula. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akilitaja. Alilitaja kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili, akamwambia, "Njoo uone."